Hofu Mwenyewe, Si Mungu wa Hofu

Kosa la kwanza katika kazi ya kusimulia miungu wadogo wa Ugiriki ya kale kwa Kiswahili limejificha ndani ya neno la herufi mbili: "wa". Ukishaandika "Phobos, mungu wa hofu", umeshapotea njia, na utakayoyaandika baada ya hapo yatazidi kupinda. Poseidon ni mungu wa bahari, sawa. Bahari ni milki yake, na anaweza kuiacha akaenda kula karamu kwa Waethiopia, kama anavyofanya mwanzoni mwa Odyssey. Phobos hawezi kuiacha hofu nyumbani akaenda kutembea. Yeye ndiye hofu. Jina lake ni neno la kawaida la Kigiriki, na kwa Homer, mshairi wa Iliad na Odyssey, linataja jeshi kuvunjika na kutimua mbio kabla halijataja hisia iliyo moyoni. Ni Hofu mwenyewe, anayefuatana vitani na ndugu yake Deimos, Kitisho, ubavuni mwa baba yao Ares, mungu wa vita, ambaye kwa Kirumi anaitwa Mars, jina la sayari ya Mirihi. Miezi miwili ya sayari ya Mirihi, aliyoigundua Asaph Hall mwaka 1877, ikapewa majina yao kwa sababu hiyo hiyo: inamzunguka baba.

Ukishaliondoa hilo "wa", sarufi inakuletea shida ya pili. Sifa nyingi za mtu kwa Kiswahili ziko kwenye ngeli ya U: uongo, umaskini, ujeuri, usahaulifu. "Umaskini uliingia nyumbani" ni habari ya hali ya maisha. "Umaskini aliingia nyumbani, akaketi" ni habari ya mgeni. Ninachofuata ni herufi kubwa, upatanisho wa a- na wa- tangu sentensi ya kwanza, na kutorudi nyuma. Ukiandika "Umaskini alisema" halafu mstari wa pili "ukaondoka", msomaji hamwoni mtu tena. Kwenye wingi ndipo wengi wanapokwama. Litai, yaani Maombi, kwa Homer ni mabinti wa Zeus, mkuu wa miungu. Wanachechemea. Ukiandika "yanachechemea" hakuna atakayeelewa ni nini kinachochechemea.

Sikio la msomaji wetu lenyewe halihitaji kufundishwa. Mtaani kuna Subira, Huruma, Mashaka, Shida na Amani, na hakuna anayesema "Subira imerudi" akimaanisha msichana aliyetumwa dukani. Taabu ya majina haya ni kwamba yamezoeleka mno. Ukimwita Elpis "Tumaini", msomaji anamwona jirani yake. Ndiyo maana mara nyingine nalibakiza jina la Kigiriki, natoa maana mara moja, naendelea.

Kuna pia suala la jinsia. Nomino dhahania za Kigiriki nyingi ni za kike, na ndiyo sababu sifa nyingi zikitiwa mwili zinakuwa wanawake. Kiswahili hakionyeshi hilo kwenye kitenzi, kwa hiyo mtu anaweza kusoma kurasa tano bila kujua kwamba Ate, Upumbazo, ni mwanamke. Kurudia "mungu wa kike" kila mstari kunachosha. Tumia ukoo: binti, dada, mama, na juu ya yote kifungua mimba na kitinda mimba, maneno mawili ambayo hapa yana kazi kubwa kuliko mtu anavyodhani.

Maana za majina ndiko kwenye mtego mkubwa zaidi. Aidos watu humwita "Aibu". Si aibu. Aibu inakupata baada ya tendo, mbele za watu. Aidos anakushika mkono kabla hujatenda. Hiyo kwetu ni haya, na nisingekubali neno jingine. Mwenzake ni Nemesis, ambaye magazeti yamemgeuza kuwa kisasi au hasimu wa kudumu. Jina lake limetoka kwenye kitenzi cha kugawa, kumpa kila mtu fungu lake. Ni ile hasira wanayokuwa nayo watu wengine wakimwona mtu amechukua zaidi ya stahiki yake. Haya iko ndani ya mtendaji, Nemesis yuko machoni mwa watazamaji. Ndiyo maana Hesiod, mshairi mwingine wa kale, anawaondoa pamoja: zama hizi za chuma zitakapooza kabisa, anasema, wawili hao watajifunika mavazi meupe, watauacha ulimwengu na kupanda kwa miungu. Ukimtafsiri mmoja "Aibu" na mwingine "Kisasi", huelewi kwa nini wanaondoka kwa mkono mmoja.

Hybris naye si kiburi. Kiburi unaweza kukaa nacho kimya chumbani. Athens ilikuwa na kesi iliyoitwa kwa jina hilo, na kosa lenyewe lilikuwa kumtendea mtu kwa namna ya kumdhalilisha, kwa mfano kumpiga ili ajione si kitu. Ujeuri, basi, au ufedhuli wa mkono.

Elpis ndiye aliyenishinda kwa muda mrefu kuliko wote, na jibu lilikuwa kwenye Kiswahili chenyewe. Kisa kinajulikana: Pandora, mwanamke wa kwanza katika visa vya Wagiriki, alifungua chombo, mabaya yakatoka, Elpis akabaki ndani chini ya mdomo wa chombo. (Chombo hicho ni pithos, gudulia kubwa la udongo la kuwekea nafaka, mvinyo au mafuta, kasiki, kwa lugha ya Pwani. "Sanduku la Pandora" ni matokeo ya mwanazuoni Erasmus, katika karne ya 16, kuandika kwa Kilatini neno la kijisanduku mahali pa kasiki.) Swali la wasomaji ni lile lile siku zote: kama tumaini ni jema, lilikuwa linafanya nini ndani ya kasiki la mabaya? Linakuwa swali gumu kwa sababu tumeandika "matumaini", neno safi la mahubiri. Elpis ni kutazamia, na kutazamia kunaweza kuwa kwa heri au kwa upuuzi. Kiswahili kina neno la namna hiyo hasa: tamaa. Anayekata tamaa amepoteza tumaini, na mwenye tamaa ni mtu wa kuogopwa. Neno moja, sura mbili. Mweke Tamaa ndani ya kasiki, na swali linapoa.

Hesiod mwenyewe anathibitisha. Katika shairi lake la Kazi na Siku, mstari wa 317, anasema Haya si mwenzi mwema kwa mtu mhitaji. Mstari wa 500 anaurudia usemi ule ule karibu neno kwa neno, ila mahali pa Aidos ameweka Elpis: si mwenzi mwema kwa mhitaji, huyo anayekaa barazani hali riziki yake haitoshi. Anayetafsiri mistari hii miwili kwa maneno tofauti amemnyang'anya mshairi kiungo chake. Mimi naiweka kwa sentensi ile ile na kubadili jina tu.

Umaskini nao unahitaji uangalifu. Katika mchezo wa Aristophanes uitwao Ploutos, wa mwaka 388 KK, Penia, yaani Umaskini, anapanda jukwaani kujitetea, na utetezi wake wote umesimama juu ya tofauti ya maneno mawili. Ptochos, anasema, ni yule asiye na kitu kabisa. Penes ni anayeishi kwa kubana matumizi na kufanya kazi, asiye na ziada lakini asiyekosa. Kwa msomaji aliyesoma mafungu ya zaka hili si geni hata kidogo, kwa sababu fakiri na maskini wametajwa mbali mbali, na kwa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea Pwani, fakiri ndiye mwenye hali mbaya zaidi. Ptochos ni fakiri. Penia ni Umaskini, si Ufakiri, na ukikosea hapo hoja yake yote jukwaani inakuwa porojo. Na mwenye jina la mchezo ni Ploutos, Utajiri, mzee kipofu. Asichanganywe na Pluto wa kuzimu, ingawa majina yamechipuka shina moja. Vivyo hivyo Eris, Ugomvi, na Eros, Mapenzi: herufi moja tu inawatenga, na nimeshaona maandiko yaliyompa Ugomvi mishale ya Mapenzi.

Sasa nasaba. Watu huiruka kama orodha ya majina yasiyo na ladha, kumbe ndiyo fikra yenyewe. Sisi tunayo mbinu hiyo katika methali moja ambayo kila mtoto anaijua: majuto ni mjukuu. Hakuna anayeuliza babu yake nani. Kumwita mjukuu kunatosha, tunaelewa kwamba anakuja mwisho, wakati wakubwa wameshafanya yao. Hesiod ameandika shairi la zaidi ya mistari elfu moja, Theogonia, na sehemu zake nyingi zinafanya hivyo hivyo tu. Usiku anazaa bila kulala na mwanamume: Kifo, Usingizi na kabila la Ndoto, kisha Lawama, Nemesis, Udanganyifu, Uzee na Ugomvi. (Usingizi kuwa ndugu wa mauti wengi wetu tulilisikia kwenye mawaidha kabla ya kulisoma kokote.) Ugomvi naye anazaa: Kazi ya Sulubu, Usahaulifu, Njaa, Maumivu, Mapigano, Mauaji, Maneno ya Uongo, Uvunjaji Sheria, Ate, na wa mwisho kabisa Horkos, Kiapo.

Simama kwa kitinda mimba huyo. Kwa nini Kiapo awe mtoto wa Ugomvi? Kwa sababu hakuna anayemwapisha mwenziwe pasipo mzozo. Watu wanaoaminiana hawaapishani. Na Hesiod anaongeza kwamba huyu ndiye anayewaumiza watu kuliko wengine, pale mtu anapoapa uongo kwa kusudi. Kazi ya mfasiri hapa ni kuacha mpangilio kama ulivyo. Wako wanaowapanga watoto wa Ugomvi kwa alfabeti ili kurahisisha. Wamerahisisha, na Kiapo amepotea katikati.

Njaa, kwa Hesiod, ni mtoto wa Ugomvi kwenye Theogonia, lakini kwenye Kazi na Siku ni mwandani wa mtu asiyetaka kazi. Ajizi nyumba ya njaa, kwa hiyo. Na Ugomvi mwenyewe amerekebishwa: mwanzoni mwa Kazi na Siku mshairi anasema kumbe hawako mmoja, wako wawili. Mmoja analea vita. Mwingine, mkubwa wake, anamwamsha mvivu amtazame jirani anayelima na kupanda, na kumfanya mfinyanzi ashindane na mfinyanzi, ombaomba na ombaomba, mwimbaji na mwimbaji. Anayeandika "Eris" pasipo kusema ni yupi anawachanganya wanaosoma.

Hapo ndipo inapozaliwa kanuni ambayo siivunji: mbele ya kila mzazi andika jina la aliyesema na mstari. Katika Theogonia Eros hana wazazi, anatokea mwanzo kabisa pamoja na Ardhi. Katika Karamu, kitabu cha mwanafalsafa Plato, mwanamke mwenye hekima aitwaye Diotima anamsimulia kuwa mtoto wa Penia na Poros, aliyetungwa mimba siku ya sherehe ya kuzaliwa Aphrodite, Poros akiwa amelewa nekta, kinywaji cha miungu, na kulala bustanini. Poros ni njia, kama tunavyosema "sina njia" tukikosa la kufanya. Mapenzi ni mtoto wa Umaskini na Njia: siku zote hana kitu, siku zote anapata pa kupitia. Ukiziunganisha nasaba hizo mbili kwenye mchoro mmoja wa ukoo, unamfanya Eros awe mkubwa kuliko mama yake.

Kishawishi cha kuunganisha ni kikali, nakiri. Homer anasema Ate ni kifungua mimba wa Zeus. Mshairi Ion wa Chios, katika utenzi anaoutaja Pausanias, mwandishi wa safari za Ugiriki, alisema Kairos, Wasaa, ni kitinda mimba wa Zeus. Ungependa sana kuandika kwamba mzaliwa wa kwanza wa mkuu wa miungu ni Upumbazo na wa mwisho ni Wasaa. Sentensi ni tamu. Hakuna Mgiriki hata mmoja aliyeitamka.

Ate anastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiye anayeharibiwa zaidi kwa kufupishwa. Si uovu wala si ujinga. Ni ule upofu wa ghafla unaomfanya mtu mzima na akili zake atende jambo ambalo kesho yake halielezi, na pia ni maangamizi yanayofuata; Kigiriki kinabeba yote mawili kwa neno moja. Katika kitabu cha 19 cha Iliad ana miguu laini, hagusi ardhi, anatembea juu ya vichwa vya watu. Alimpumbaza hata Zeus, siku Hera, mkewe, alipomwapisha kwamba atakayezaliwa siku hiyo ndiye atakayetawala, kisha akachelewesha uzazi wa Heracles, mwana wa Zeus, na kumwahisha Eurystheus azaliwe wa miezi saba. Zeus akamkamata Ate kwa nywele, akamzungusha, akamtupa duniani. Lakini angalia anayesimulia: ni Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, akijitetea mbele ya jeshi kwa kumnyang'anya Achilles mwanamke wake, Briseis. Si mimi, anasema, ni Zeus na Majaaliwa na Erinys, pepo wa kisasi. Kwetu angesema shetani alinipitia. Na baada ya kusema hayo analipa: vyombo saba vya miguu mitatu, masufuria ishirini, farasi kumi na wawili, talanta kumi za dhahabu, wanawake saba na Briseis wa nane. Kisa cha Ate kikisimuliwa bila fidia hiyo kinakuwa udhuru tu. Kwa Homer udhuru ulikubaliwa na deni likabaki.

Wale Maombi wanaochechemea ni dada zake, wamo kitabu cha 9. Wana makunyanzi na makengeza, nao wanamfuata Ate kwa nyuma, yeye mwepesi wa miguu, wakijaribu kuponya alikokanyaga. Anayewakataa, wanamwendea Zeus kumwomba Ate amrudie huyo. Kila kiungo cha mwili hapo kina sababu: aliyekosa hawezi kutazama usoni, ndiyo makengeza, anachelewa kuja, ndicho kilema. Usikipunguze hata kimoja.

Kwenye sanaa shida ni nyingine, nayo ni kudhani kila kitu kina alama. Krateri (chombo cha kuchanganyia mvinyo) ya mchoraji Euphronios, ya karibu mwaka 515 KK, inaonyesha Usingizi na Kifo wakimwinua Sarpedon, shujaa aliyeuawa vitani Troya. Wote wawili wana mabawa na mavazi ya vita, na damu ya marehemu inachuruzika. Huwezi kuwatofautisha kwa sura. Mchoraji amewaandikia majina. Vyombo vya mazishi vya karne iliyofuata ndivyo vinavyomfanya Usingizi kijana asiye na ndevu na Kifo mwenye ndevu. Krateri yenyewe, kwa wanaotaka kuiona, ilinunuliwa na jumba la makumbusho la Metropolitan la New York mwaka 1972 na ikarudishwa Italia mwaka 2008.

Kairos ana hatari tofauti. Sanamu yake ya shaba, iliyotengenezwa na mchongaji Lysippos kule Sikyon, haipo tena, lakini mshairi Posidippus aliieleza kwa maswali na majibu: anasimama kwa ncha za vidole kwa kuwa hatulii, ana mabawa miguuni, wembe mkono wa kulia, nywele usoni ili anayekutana naye amkamate, kisogo upara ili akishapita asishikike. Watu huongeza mizani. Mizani imo kwenye mchongo ulioko Turin, haimo kwa Posidippus. Chagua shahidi mmoja useme ni nani.

Mwisho niongeze mahali, kwa sababu miungu hawa walikuwa na anwani. Sparta ilikuwa na hekalu la Phobos, na mwandishi Plutarch anaeleza kwamba hawakumheshimu ili aondoke, kama mtu anavyofukuza pepo. Waliamini dola inashikamana kwa hofu. Alexander Mkuu naye alimtolea Phobos sadaka usiku wa kuamkia vita vya Gaugamela, mwaka 331 KK, kwa haja nyingine kabisa. Juu ya mlima wa Korintho palikuwa na hekalu la Ananke na Bia, Lazima na Mabavu, na desturi ilikuwa watu wasiingie. Kwenye mahakama ya Areopago, Athens, palikuwa na mawe mawili yasiyochongwa: mshtakiwa alisimama juu ya jiwe la Hybris, mshtaki juu ya jiwe la Anaideia. Neno hilo la pili ni kukosa Haya, lakini usilitafsiri hivyo mahakamani. Kitenzi cha Aidos katika sheria ya Athens ya mauaji kilikuwa na maana ya kusamehe, hivyo jiwe la mshtaki ni la Kutosamehe.

Na kuna kisiwa cha Andros. Mwaka 480 KK, baada ya vita vya Salamis, Themistocles, jemadari wa Athens, alifika na merikebu kudai fedha. Mwanahistoria Herodotus anasema aliwaambia kwamba Waathens wamekuja na miungu wawili wakubwa, Peitho na Ananke, Ushawishi na Lazima, kwa hiyo watoe. Wenyeji wakajibu kwamba Athens ina bahati kuwa na miungu wenye manufaa namna hiyo. Wao pia wanao wawili, wasio na faida, ila wanakipenda kisiwa na hawataki kabisa kutoka: Penia na Amechania. Wa kwanza ni Umaskini. Wa pili ni kukosa mechane, yaani hila, na kwa kuwa majina kama Sijali na Sikujua hayatushangazi, mimi namwita Sinahila. Fedha hawakutoa. Waathens wakauzingira mji, na Umaskini na Sinahila wakabaki ndani.